Kibao cha Kusomea na Bwana Asiye na Shati

Shule niliiacha darasa la tatu na sikuwahi kuililia. Kusoma nilijifunza kwenye magunia ya mbolea na kitabu cha nyimbo, nikiwa nimekaa juu ya ndizi kwenye lori linalotoka Nyamarambe. Ndizi hizo zikanijengea nyumba ya mawe, geti la chuma na zizi la ng'ombe wa maziwa. Lakini ukiniuliza najivunia nini zaidi, sitataja geti. Kila Sabato, kanisani kwetu huku Sironga, mimi ndiye ninayesoma fungu la Maandiko. Kanisa letu lina walimu wa shule za jirani na wageni wasiojua Ekegusii, kwa hivyo fungu husomwa kwa Kiswahili. Walimu wamekaa chini, mimi nimesimama, Kiswahili kinatoka kinywani mwangu. Hiyo kwangu ni nyumba ya pili ya mawe.

Halafu macho yakazeeka kabla yangu. Miwani ninayo, tena miwili. Daktari wa macho mjini Kisii alinieleza kwamba jicho moja lina mtoto wa jicho na la pili liko njiani kupata wake. Maandishi yakawa siafu. Sabato moja nikasoma kwamba wazee waliketi chini, wakala. Kumbe ni wakalia. Kanisa likacheka, na aliyecheka kwa muda mrefu zaidi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, jirani yangu, ambaye hukaa benchi la mbele kama mtu anayengoja kuitwa.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akanivuta kando.

"Ndugu, Sabato ijayo soma. Lakini ukikwama tena, zamu tutampa Mwalimu. Yeye ana tableti, anasoma humo maandishi makubwa."

"Kishikwambi," Mwalimu akamsahihisha kutoka nyuma yake.

Mtu anayesahihisha jina la kitu kabla ya kukupokonya kazi yako, huyo hajibiwi kwa maneno.

Nilianza na kioo cha kukuzia. Herufi zikawa kubwa kweli, lakini zilicheza kama samaki ndani ya karai, na mkono wangu ukitikisika kidogo mstari wote unahama. Nikajaribu simu ya mwanangu. Hiyo ilikuza maandishi vizuri, ila nilipofika katikati ya fungu ikaita. Mtu fulani alitaka kujua kama nina ndizi za kuiva. Simu ni mtoto asiye na adabu, anaingilia wakubwa wakizungumza.

Basi nikaenda Kisii mjini, kwenye duka la Mwislamu mmoja ambaye baba yake alikuwa akiuza vitambaa palepale. Yeye sasa anauza simu na vitu vya umeme, vipya na vya mtumba. Nikamwambia shida yangu. Akatoa kibao chembamba, cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kona moja ilikuwa imebonyea kama ndizi iliyoanguka kutoka kwa lori.

"Hii ni ya kusoma tu, mzee wangu. Ilikuwa ya mtu, ndiyo maana bei ni ya chini."

"Inapiga simu?"

"Haipigi."

"Ina rangi?"

"Nyeusi na nyeupe."

"Redio?"

"Haina."

"Basi unaniuzia upungufu. Kwa kila kitu ambacho haina, punguza bei."

"Mzee wangu, kwa hesabu hiyo nitaishia kukulipa wewe ndio uichukue."

Tuliendelea hivyo mpaka chai ikaletwa. Alipoona mimi si mtu wa kuchoka, akabadilisha njia. Alichukua kibao hicho na tableti mpya, akanitoa nje hadi barazani penye jua. Tableti ikageuka kioo cha kujinyolea ndevu. Kibao kile maandishi yake yalikaa kimya, meusi, kama yaliyochapwa kwenye karatasi. Akagusagusa, herufi zikakua. Akagusa tena, zikawa ndama. Tena, zikawa ng'ombe kamili.

"Na hakuna atakayekupigia humo," akasema. "Hakuna video, hakuna umbea. Chaji inakaa wiki kadhaa. Huo upungufu, mzee wangu, wengine wanautafuta."

Moyo wangu ulinunua palepale. Uso niliukunja tu ili mkono ulipe kidogo. Akashusha bei tena, akaniwekea Maandiko ya Kiswahili ndani, akanipa na jalada la ngozi. Ukifungua jalada kibao kinaamka, ukifunga kinalala. Hayo ndiyo mafundisho yote niliyopewa, na nilidhani yananitosha.

Sasa nieleze kitu, kwa sababu wasomaji wengine si watu wa huku. Sisi tuna chinsoni, yaani heshima na haya baina ya watu wanaopaswa kuogopana. Mimi na mke wa mwanangu hatukai pamoja, hatupeani kitu mkono kwa mkono, na mambo ya chumbani hayatajwi mmoja wetu akiwa karibu. Sasa huyu mke wa mwanangu ni Mkamba, mtu wa kompyuta, na ndiye peke yake kwetu anayejua vitu hivi. Alipoolewa alifundishwa chinsoni, akaishika kuliko sisi wenyewe. Hata salamu zangu humpitishia mke wangu.

Kwa hivyo masomo yalifanyika hivi: mimi sebuleni na kibao, yeye uani akianika nguo, mke wangu mlangoni katikati. Mke wangu Kiswahili chake ni cha sokoni Marani, kinajua bei na matusi. Mke wa mwanangu anasema sentensi ndefu, inafika kwangu ikiwa neno moja.

"Anasema bana."

"Nibane nini?"

"Hakusema. Bana tu."

Nilibana huku na huku, mara nyingi, mpaka herufi zikakua. Ingekuwa rahisi zaidi kumwekea kibao kwenye kigoda aje akichukue mwenyewe. Nilikuwa na nia hiyo. Lakini siku ya pili nililala mchana kitini, kibao kiko wazi kifuani, na nikaamshwa na mke wangu amesimama juu yangu.

"Baba watoto, huyu ni nabii gani asiye na shati?"

Nikatazama. Kilipolala kilikuwa kimejichora picha: bwana mmoja kifua wazi, amemkumbatia mwanamke ambaye gauni lake nalo lilikuwa njiani kuondoka. Ni picha ya kitabu cha mapenzi, cha mtu aliyekuwa na kibao kabla yangu. Nikafunga jalada, nikafungua, Maandiko yakarudi.

"Ni ya mtu aliyekuwa nacho," nikasema.

"Na wewe ulikipenda dukani kwa nini?"

Kuanzia hapo kibao hakingeweza kukaribia mikono ya mke wa mwanangu. Afadhali nisijue kitu kuliko yeye kuona picha ile na kujua imelala kifuani kwangu.

Alhamisi nilikwenda nacho kwenye kituo cha majani chai. Tulikuwa tumepanga magunia, tunangoja lori la kiwanda, jua kali. Mwalimu alikuwa na tableti yake. Mvunaji mmoja akasema tuvishindanishe. Tukavinyanyua. Mwalimu akakodoa macho, akainamisha tableti, akaifunika kwa kofia.

"Mwalimu," nikamwambia, "hicho kitabu chako naona kina picha ya mzee mwenye kipara. Anaitwa nani?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akakalia majani yake. Lakini Mwalimu hakufundisha miaka yote ile bure.

"Changu kina rangi na ramani za nchi takatifu. Chako kila ukigeuza ukurasa kinapepesa macho kama mtu aliyeingiwa na moshi. Na hilo jalada, mzee, ni pochi ya mama watoto? Ulimwomba au umeiba?"

Kicheko kikahamia upande wangu. Nilikwenda nyumbani nikang'oa jalada, nikalitupa kabatini. Mwanamume hasimami mbele ya kanisa na pochi.

Sabato ikafika. Nilivaa koti, nikasimama, kibao mkononi kikiwa macho tangu nyumbani, maana nilikiamsha kwa lile jalada, nikalirudisha kabatini, kisha nikawa nikigeuza kurasa njia nzima kisilale. Herufi nilikuwa nimezifanya ng'ombe, kwa hivyo ukurasa mmoja ulibeba maneno manne. Nasoma manne, nageuza, kinapepesa, nasoma manne. Nilikwenda kama konokono, ila sikukosea hata neno. Nilimwona Mwalimu akinifuatisha kwa kidole, akitafuta kosa, na kutoliona kukimkasirisha.

Katikati ya fungu mzee wa kanisa akanyanyua mkono. Kulikuwa na gari limeziba njia ya mama mgonjwa. Mwenye gari akatafutwa, akatoka, akarudi, wakamwombea na yule mama. Nilipotazama chini, bwana asiye na shati alikuwa ananitazama.

Jalada lilikuwa kabatini. Nikabonyeza kitufe cha chini. Bwana yule akabaki, ila chini yake kukatokea maneno madogo ya Kiingereza, siafu tupu. Nikabonyeza tena. Nikakigandamiza kibao kifuani watu wa mbele wasione, nikasimama hivyo kama mtu anayeapa.

Upande wa wanawake, mke wa mwanangu alimnong'oneza mke wangu. Mke wangu hajui kunong'ona.

"Anasema uteleze."

"Niteleze?"

"Ndiyo. Uteleze juu."

Mzee wa kanisa akageuka kumtazama. "Mama, hapa hatutelezi. Hapa tunasimama imara."

Benchi za vijana zikaanza kutikisika. Mnong'ono ukaenda tena.

"Anasema si wewe. Ni kidole kiteleze."

Nikaiba nafasi, nikakishusha kibao kidogo na kusukuma kidole. Vidole vyangu vimekula utomvu wa ndizi miaka mingi, ni vigumu kama kwato. Vikigusa, kioo huvisikia; vikiteleza, hakikuvihisi kabisa. Nikajaribu kingine. Kimya. Hapo nikasikia benchi la mbele likilia, na Mwalimu amesimama, tableti mkononi imewaka, amefungua palepale nilipokomea.

"Mzee, nikumalizie?"

Alisema kwa upole sana. Upole huo ndio ulionichoma. Nilijua nikisema ndiyo, nimesema ndiyo kwa Sabato zote zilizobaki za maisha yangu.

Nikatazama upande wa wanawake. Mke wa mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Nikaenda kwenye meza, nikakilaza kibao kifudifudi, nikarudi nyuma hatua kadhaa mpaka nikaegemea ukuta.

"Mama watoto," nikasema, "mwambie aje."

Kanisa zima lilielewa ninaloomba, isipokuwa wageni. Kicheko kiliisha. Alikuja mbele na leso yake imefungwa vizuri, hakunitazama. Akakigeuza kibao. Aliona, lazima aliona, bwana yule alikuwa amejaa kioo kizima. Uso wake haukusogea hata kope. Kidole kimoja kikapita juu ya kioo, kibao akakilaza wazi mezani, akarudi kukaa. Nilingoja mpaka akae ndipo nikaikaribia meza.

Nikasoma lililobaki. Maneno manne, geuza, maneno manne, geuza. Sikukiacha kibao kilale tena hadi nilipofika mwisho, na nilipofika nilisema "amina" kwa sauti ambayo ng'ombe wangu waliisikia.

Nje, mzee wa kanisa alinishika mkono. "Umesoma. Polepole, lakini umesoma. Zamu ni yako." Mwalimu naye akaja, akakitazama kibao kwa mbali, akauliza kama dukani kule vimebaki vingine, maana kumbe hata macho yake yeye si ya jana. Nikamwambia aende na uso uliokunjwa.

Jioni, jua lilipozama na Sabato ikaisha, mke wangu alinichukulia kibao bila kuniuliza, akatoka nacho uani. Nilibaki kitini, nikimsikia akiongea na mke wa mwanangu kwa sauti ya chini, sijui kwa muda gani. Sikuthubutu kutoka. Aliporudi alikiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kimelala, na juu ya kioo palikuwa na picha ya mti tu.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema hakuona picha yoyote," akajibu. "Na kwamba ameshaitoa."