Nimefunga simu kwa jina la mama yangu

Leo nimeshindwa akili na mtoto wa darasa la nne, hapa Runyenjes.

Jumapili kanisani tulielezwa vile watu wabaya huwaandikia watoto mitandaoni. Nikarudi nyumbani nimekaza uso, nikafunga mitandao yote kwenye simu yangu. Atakayetaka kufungua lazima ajibu swali: mama yako anaitwa nani?

Nikamwambia binti yangu, "Hapa hupiti."

Leo nimetoka kuchuma kahawa nikampata jikoni, anatazama watu wakicheza densi, hana hata wasiwasi.

"Umefunguaje?"

"Baba, si niliandika tu Wawira."

Wawira ni jina lake.

Sisi Waembu watoto wetu tunawapa majina ya wazazi wetu. Huyu tangu azaliwe mimi mwenyewe humwita Mami.

Nikachukua simu, nikabadilisha swali polepole: baba yako anaitwa nani?

Kijana wangu Njeru, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akauliza kwa heshima kabisa, "Kwa hivyo sasa ni zamu yangu?"

Wazazi wa Embu, nyinyi mnafunga na jina la nani? Mke wangu anasema niweke la ng'ombe, lakini hata hilo ni Wawira aliyelichagua.