Tabaga ya Mama Kwenye Jumba la Gavana

Tabaga ni kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukili wa rangi, na kila msichana wa Kinubi pale Kibra alihitaji moja siku ya kupeleka chakula cha kwanza kwa wakwe. Yangu alinisukia mama. Alimalizia ukingo wake akiwa mgonjwa kitandani, na hakuinuka tena. Ikatundikwa ukutani kwa haboba, nyanya yangu aliyenilea, ikingoja harusi yangu. Sasa fikiria hasira yangu mke wa Gavana alipoondoka nayo.

Alikuja kutazama kijiji chetu cha askari wazee. Mumewe ndiye aliyekuwa serikali nzima: akisema mhame, mnahama; akisema mkae, mnakaa na kushukuru. Kwa hiyo tulifagia hadi vichakani. Haboba akapika mchuzi wa kuku na gurusa, chapati zetu nyembamba, akavifunika kwa tabaga ya mama, maana ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote nyumbani.

"Hii mzuri sana," Bibi Gavana alisema kwa Kiswahili chao cha kizungu, akiigeuzageuza.

"Ni yako," haboba akajibu.

Kwetu hayo ni maneno ya adabu tu. Mgeni akisifu kitu, mwenyeji husema ni chako, na mgeni naye hujibu, kikae na mwenyewe. Yanaishia hapo, watu wanakunywa chai. Bibi Gavana hakuijua sehemu yake. Alisema asante, akaipakata, akapanda gari. Chakula akawaachia nzi.

Nililia kwa sauti. Mzee wa kijiji akanikemea, "Nyamaza wewe! Unataka tuhamishwe kwa sababu ya kifuniko?"

Haboba alikuwa anatafuna paja la kuku la mgeni. "Chombo cha watu hakirudi kitupu," alisema. "Tumpe nafasi."

Tulimpa nafasi mpaka harusi ikabaki wiki moja. Ndipo haboba alipopika tena, akanitwika sinia likiwa wazi, tukashika njia ya jumba la Gavana. Mzee wa kijiji alitufuata hadi mwisho wa mashamba akitusihi turudi. Mpishi wa pale alikuwa kijana wa jirani yetu, akatuingiza kwa mlango wa jikoni.

Utajiri ule sijauona tena. Sahani za ukingo wa dhahabu, mazulia ya kuzamisha nyayo, chumba kizima cha kofia. Na ukutani, katikati ya pembe za nyati, tabaga ya mama yangu. Nilitamani kuirukia.

Haboba hakulalamika. Aliketi kwenye zulia, akaonyesha chakula kilivyoingia vumbi la njiani, kisha akaonyesha ukutani. Mpishi akaeleza mengine: kwamba aliyeisuka amekufa, na bibi harusi ndiye huyu. Bibi Gavana akaiva uso hadi shingoni. Alipanda kiti mwenyewe, akaitungua, akanipa, na juu yake akaweka kijiko cha fedha.

"Kijiko hapana," haboba alisema. "Mwambie chombo kinarudi na kitu cha mkono wake."

Mpishi akafasiri. Bibi Gavana akatazama huku na huku. Keki zilikuwa za mpishi, maua ya mtunza bustani, hata kitanda alitandikiwa. Mwanamke ambaye mumewe akikohoa nchi nzima inasimama, alikuwa anazunguka nyumbani mwake akitafuta kitu kimoja kilicho chake. Nikaanza kumwonea huruma, na sikutaka.

Mwisho alipanda ngazi mbio, akarudi na soksi ya sufu, ndogo, moja tu, imepinda kisigino.

"Mimi fanya. Ya mjukuu, Ulaya," alisema. "Mbaya."

Haboba akaikagua. "Mbaya kweli," akakubali, na wote wawili wakacheka. Kisha Bibi Gavana akaketi chini, akala gurusa kwa vidole, mchuzi ukimchuruzika hadi kwenye lulu za mkononi. Hatukuhamishwa.

Wakwe zangu walikula chakula kilichofunikwa na mama. Nilikuwa na furaha siku ile, naisema wazi. Baadaye Gavana na mkewe walirudishwa kwao, na mpishi akatuambia sahani, mazulia na jumba vyote vimebaki palepale, maana vilikuwa vya serikali. Bibi Gavana ameondoka na kofia zake tu.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa katika baridi ya Julai, na soksi ya Bibi Gavana ilikuwa moja. Haboba akatafuta sufu, akafuma ya pili. Mikono yake haikuwahi kuharibu kazi, lakini ile aliipinda kisigino makusudi, ili zifanane.