Bitana ya Buti za Evaristi

Tangu mitumba ilipoanza kumiminika Sumbawanga, Hilaria alijipatia kazi ya kutia bitana viatu vya mpira vilivyochakaa ndani. Humkanyagisha mteja majivu pekupeku, akaona mguu unapoelemea, kisha hukata blanketi kuukuu: nene kisiginoni, jembamba vidoleni.

Siku hiyo alishona buti za mumewe, Evaristi, aliyevuka mpaka wa Kasesya kutafuta kibarua Zambia. Mavuno ya ulezi yalikuwa yamepita mara mbili bila salamu.

Jirani yake Coleta akachungulia. “Za nani hizo, mwenzangu? Mbona sijaona mtu akikanyaga majivu?”

“Za baba Wiliam. Mguu wake naujua.”

“Na kama amenenepa huko kwa ugali wa wenyewe?”

Hilaria akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaingiza mkono butini, akapapasa alipoacha nafasi ya kidole cha mumewe kilichopinda. Palikuwa na baridi tu, ile ya Ufipa.

Coleta alipoondoka, akafumua mshono, akatoa tabaka moja la blanketi, akashona upya. Akirudi amenenepa, zitamtosha. Akirudi amekonda, atavalia soksi.