Fomu Namba Kumi na Saba

Darasani tulimwita Takwimu, na jina likamkaa. Binti huyu angekuuliza kwenu mko wangapi kabla hata hajakujulia hali. Mwaka wa tatu alifanya utafiti juu ya vijana wanaohama kutafuta kazi na nyumba wanazoziacha nyuma: fomu hamsini, nyumba hamsini za mtaa aliokulia. Shahada yake ilitegemea fomu hizo.

Mhadhiri wetu alikuwa na mtindo uliotutoa jasho. Alikuwa akichomoa fomu moja bila kuchagua, kisha anakwenda kwenye nyumba hiyo kuuliza upya. Majibu yakipishana, utafiti wote unatupwa na mwaka unarudiwa. Kwa Takwimu alichomoa namba kumi na saba. Mimi nilikuwa nimebebeshwa faili, na njiani Takwimu akaninong'oneza, "Hiyo ni ya kwetu. Nilijaza mwenyewe."

Nilimkasirikia, sifichi. Nyumba za watu arobaini na tisa alizihoji bila haya, ya kwao akaikwepa.

Mama yake alitukaribisha sebuleni, akafuta viti visivyo na vumbi.

"Mama, kuna aliyehama hapa?" mhadhiri aliuliza.

"Kaka yake huyu. Mwaka wa sita sasa."

"Mara ya mwisho alipiga simu lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Fomu ilisema anapiga kila Jumapili. Mhadhiri alimgeukia Takwimu, akamtazama tu.

"Sikumuuliza, mwalimu," Takwimu alisema. "Niliogopa. Nikaandika ninavyotamani iwe."

"Basi unajua kinachofuata."

"Mwalimu, subiri kidogo," mama aliingilia. "Mwaka ataurudia, sawa. Lakini kwanza aniulize. Miaka minne humu ndani hakuna anayeniuliza."

Mhadhiri alichomoa fomu tupu kwenye faili langu, akampa Takwimu. Binti aliuliza swali moja moja, na mama akajibu yote bila kusitasita, hadi la mwisho: unatarajia atarudi? Kwenye fomu ya kwanza Takwimu alikuwa amejaza ndiyo.

Mama alitazama mlango wa chumbani, akashusha sauti.

"Andika hapana," alisema. "Ila baba yako usimwonyeshe. Bado anaichaji kila siku ile simu ya zamani, yenye namba anayoijua kaka yako."