Mwalimu anataka kumrusha darasa binti yangu, mwenye mji amekataa

Admin, nakuomba unifiche jina, huku kwetu Itiryo tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba. Niliolewa nyumba ntobhu, yaani aliyenitolea ng'ombe ni mwanamke, mama mtu mzima ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Nimemzalia Marwa, yuko darasa la tatu, na Robi, binti, yuko la kwanza. Kimila watoto ni wake na mji ni wake. Sisemi kwa ubaya, tunaishi vizuri.

Shida imeanza kwa Robi. Alijifunza kusoma kwa kuchungulia vitabu vya kaka yake, sasa darasani anakaa tu anasinzia. Mwalimu wake akatuita mimi na huyo mama aliyenioa, anataka amrushe mpaka la tatu mwaka huu huu. Mwalimu ni mgeni, ametokea Morogoro. Akamwambia mama, "Shikamoo mama. Huyu mjukuu wako ana akili sana, hata kaka yake anamwacha mbali." Masikini, alidhani anasifia!

Tulipofika nyumbani mama akamwita Robi. "Nilioa nipate mwanaume wa kusimamia huu mji. Leo wewe omoiseke, mtoto wa kike, ukakae naye darasa moja, umshinde, watu wamcheke?"

Nikasema, "Mama, si asome tu..."

"Nani amekuuliza wewe?"

Nikainamia mboga zangu nikaendelea kuchambua. Iliniuma sana, jamani.

Na Marwa naye ni mwanangu, hana kosa lolote. Kusoma kunampa tabu, na tangu siku ile hataki hata kuongozana na mdogo wake kwenda shule. Nikimpigania mmoja namuumiza mwingine. Mwalimu anasubiri jibu kabla shule hazijafungwa. Nimewaza nimpe ruhusa kimyakimya, lakini mama akijua atanirudisha kwetu, na nitaondoka peke yangu, watoto watabaki.

Jana mwalimu amenisimamisha sokoni, anashangaa Robi siku hizi hajibu kitu, akiulizwa anatikisa kichwa. Nikamuuliza mwanangu tukiwa jikoni wawili. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nimeacha kujua, ili bibi asikugombeze tena."

Ana miaka saba. Ndugu zangu, nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Mwenzenu nimeshindwa.