Samaki wa Lusia na Uongo Wangu

Jumatano ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu asubuhi yake bibi harusi mmoja, mteja wangu, aliniaibisha mbele za watu, na kabla ya saa saba mchana mimi nilikuwa nimefanya jambo baya kuliko lake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka Igamba kwa wazazi wangu, wakulima wa kahawa, nikaja Tunduma kushona nguo. Cherehani yangu ilikaa barazani kwenye duka moja karibu na mpaka. Nilipanga chumba kwa Mama Tumaini, mjane wa Kinyamwanga aliyeachiwa na mumewe nyumba ya vyumba sita, ua katikati, bomba moja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Wewe unayeishi mjini na wenzako, sina haja ya kukueleza kamba moja inavyoweza kuleta maneno.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Lusia. Yeye alitoka Ivuna, kule bondeni Momba, akawa anapika kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Alikuwa rafiki yangu hasa. Nilipougua malaria mwaka wangu wa kwanza, ndiye aliyenipikia uji na kunishika mkono mpaka zahanati. Ufunguo wangu wa akiba ulikaa kwake, na wake ulikaa kwangu.

Lakini Lusia alikuwa na mambo yake. Aliimba akifua, na wimbo wenyewe aliujua mstari mmoja tu. Aliazima pasi yangu ya mkaa akairudisha na majivu ndani. Na kila mama yake alipomtumia mzigo kutoka nyumbani, mifuko ya chumvi na samaki wakavu wa Ziwa Rukwa, aliwatandaza samaki hao kwenye gunia chini ya kamba ya nguo ili wapate jua.

Sikumwambia kitu hata siku moja. Nilinuna. Nilibamiza mlango nikidhani atajua kuna jambo. Hakujua. Milango ya Mama Tumaini ilikuwa imepinda yote, kila mpangaji alibamiza wake ndipo ufunge.

Sasa, huyo bibi harusi alitoka ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Gauni lake jeupe nililimalizia chumbani kwangu, nikalitundika kwenye kamba lipigwe upepo kabla sijalipeleka dukani. Alipofika alilishika, akalisogeza puani, akarudi nyuma.

"Awe, mama! Gauni linanuka isabi!"

Isabi ni samaki kwa Kibemba, na hata asiyejua Kibemba pale barazani alielewa, maana dada wa watu alikuwa ameziba pua. Wateja waliokuwa wanasubiri wakacheka. Mmoja wao akachukua kitambaa chake polepole, akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Nikamwomba msamaha bibi harusi, nikaahidi kulifua upya, nikarudi nyumbani na gauni begani huku kichwa kinaniuma kwa hasira.

Lusia alikuwa kazini. Mama Tumaini alikaa uani akichambua maharage.

"Mbona mapema leo, Edina?"

Hapo, mwanangu, ningeweza kusema habari ya samaki. Lakini nilipotaka kuisema niliiona ndogo. Hasira yangu ilikuwa kubwa, nikataka neno la kulingana nayo. Nikasema, "Mama, ile mifuko anayoletewa Lusia, umewahi kuiangalia ndani? Watu wanasema ni magendo. Sukari ya ng'ambo."

Hakuna watu waliosema. Nilijua kabisa ni chumvi. Chumvi hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa nimetia kwenye mboga yangu jana yake, kwa sababu Lusia alinigawia kopo zima bila kuombwa.

Mama Tumaini aliacha maharage. Mji wa mpakani una hofu zake, na mzigo wa magendo ukikutwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba naye anaitwa kujieleza. Ile nyumba ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Una hakika?"

"Ndivyo nilivyosikia."

Nikaenda bombani kufua gauni. Nitakwambia ukweli ingawa unanitia aibu mpaka leo: nilijisikia vizuri. Nilidhani Lusia atasemwa kidogo, atashika adabu, basi.

Ijumaa mchana nilikuwa chumbani napiga pasi, Lusia akaingia bila hodi. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Tumaini kanipa mpaka Jumapili nihame," alisema. "Anasema naficha magendo. Nimemwambia afungue mifuko aone, kakataa hata kuigusa. Sasa hivi anavaa aende kwa mwenyekiti wa mtaa kutoa taarifa, ili yakitokea ya kutokea asihusishwe. Edina, mwenyekiti si ataita polisi? Pale mgahawani wakisikia watanibakiza? Nikirudi Ivuna na jina hilo nitamwambia nini mama yangu?"

Nikauliza, kama mjinga, "Kasema nani amemwambia?"

"Kakataa kumtaja." Akanishika mkono. "Wewe unanijua. Twende ukanisemee."

Mwanangu, nimezaa watoto wanne na nimezika mume, lakini safari ya kuvuka ule ua ni katika safari nzito nilizowahi kutembea. Haikuzidi hatua kumi na tano. Katika hatua hizo nilipata wazo, na nakueleza ili ujue mtu anavyoweza kuwa. Nilifikiri: nitasema siamini, nitamtetea kwa nguvu zote, Mama Tumaini huenda akaninyamazia, na Lusia atanishukuru maisha yake yote.

Mama Tumaini alikuwa mlangoni kwake, kitenge kizuri kiunoni, viatu vya kutokea miguuni. Alitutazama usoni, halafu akautazama ule mkono wa Lusia ulioshika wangu.

"Haya, Edina. Mwenzako anasema unamjua. Sema."

Hakunitaja. Alinipa nafasi nijitaje mwenyewe. Na Lusia alikuwa bado ameushika mkono wangu, nikashindwa kusema nililokuwa nimelipanga.

"Ni chumvi, mama. Chumvi na samaki. Nilijua tangu mwanzo. Nilikudanganya."

Lusia akauachia mkono wangu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Nimekukosea nini?"

"Samaki wako walinukisha gauni la mteja wangu."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi imaliziwe. Alipoona hakuna zaidi, alisema kwa sauti ya chini, "Samaki? Si ungeniambia tu niwahamishe? Kule nyuma ya jiko kuna jua mchana kutwa."

Angenipiga ningeona nafuu. Nililia pale pale, wapangaji wengine wakichungulia madirishani. Lakini nisikufiche, ndani ya kile kilio kulikuwa na unafuu mkubwa ajabu. Tangu Jumatano nilikuwa sijala vizuri, nikisingizia tumbo. Sasa kifua kilifunguka, nikavuta pumzi mpaka chini.

Mama Tumaini alikaa kizingitini, akavua viatu. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, mama."

"Basi mshukuru Mungu, nami namshukuru. Ningewahi kuvaa dakika tano tu ningekukosa, na nilikuwa naenda kumwangamiza mtoto wa mwenzangu." Kisha akanikemea bila kupaza sauti. "Ulikuwa na neno dogo la kumwambia mwenzako, ukaja kunipa mimi kubwa. Ukiwa na neno na mtu, lianzie kwake. Kama huwezi kumwambia mwenyewe, basi usimwambie yeyote." Akamgeukia Lusia. "Na mimi nisamehe, mwanangu. Uliniomba nifungue mifuko, nikaogopa."

Lusia alihamisha samaki mchana ule ule. Kabla ya jua kuzama alikuja mlangoni kwangu, akanyoosha kiganja, akachukua ufunguo wake. Akaniwekea wangu mezani. Salamu aliendelea kunipa, chumvi alinigawia kama zamani, ila ule ufunguo alikaa nao miezi mitano. Sikumlaumu. Siku aliyopata habari kwamba dada yake amejifungua mapacha, alipokuwa anakimbilia basi la Ivuna, alinitupia ufunguo dirishani akasema, "Mwagilia mchicha wangu." Siku hiyo cherehani ilikimbia kama inajiendesha. Leo Lusia ana mgahawa wake Vwawa, na yeye ndiye aliyemsimamia mtoto wangu wa pili kipaimara.

Sasa nije kwako. Jana ulinisomea ule ujumbe uliotaka kuutuma kwenye kundi la wapangaji, kuhusu mwenzako anayefungulia muziki ukiwa unasoma na kula mkate wako bila kuuliza. Umeandika pia kwamba ni mchafu na kwamba huwezi kujua anapata wapi nguo zake. Mwanangu, mkate na muziki umeviona. Hayo mengine umeyaongeza kwa hasira, na ukishayatuma watu arobaini watayasoma kabla hujajuta.

Ufute. Msubiri arudi kazini, ale, apumzike, kisha mwambie mambo mawili yaliyo ya kweli, kwa ukubwa wake ule ule. Huenda hajui kabisa kwamba anakukera. Akikasirika, angalau atakuwa amekasirikia ukweli. Ukishakosea ukasema uongo, urudi haraka uliposemea, mbele ya yule uliyemsingizia, usingoje heshima yako ipone kwanza. Na si kila kero inahitaji kusemwa. Nyingine ni za kuishi nazo tu, maana hata wewe, nikikuangalia unavyoacha sufuria humu ndani, kuna mtu anakuvumilia.

Mungu akupe marafiki wanaosema nawe ana kwa ana, nawe akupe moyo wa kuwasikiliza. Chumba chako kiwe na amani, kazi ya mikono yako ipate wateja, na ulalapo usiwe na la kuficha. Haya, nenda mwanangu, ukawahi gari.