Nilivyomtuma mtani anyang'anye nyama ya mzee wangu ili ale mchicha

Wakuu, mlio wakubwa kwangu shikamooni. Mlio wadogo, marahaba, nimeitika kabisa kabla hamjaamkia.

Naandika kwa kidole kimoja, hapa Temeke, na mhusika mwenyewe yupo barazani anasikia navyocheka. Nikiongopa aje anisute hapahapa.

Mie ni bibi wa wajukuu tisa, shule niliishia darasa la nne. Ila kwenye mboga msiniletee habari. Nyuma ya nyumba nina kieneo cha upana wa vitanda viwili. Nimejaza matembele, mchicha na mpapai mmoja unaozaa kama umetukanwa. Watoto wangu watano wamekulia majani yale, wazuri wote, na wanajijua.

Tatizo ni mzee wangu, baba watoto.

Alikuwaga kuli bandarini, na makuli wa zamani waliaminishana kwamba gunia linabebwa na nyama. Nikimwekea mchicha anausogeza pembeni ya sahani kama anafagia uwanja. Anasema majani ni chakula cha mbuzi, na yeye mbuzi anamla, kwa hiyo majani ameshayala.

Tunda analionaga kwenye futari tu.

Basi mwaka huu choo kikagoma.

Samahani kwa mnaokula. Siku ya nne mzee kaingia chooni na redio. Redio imemaliza taarifa ya habari, imemaliza mpira, imemaliza salamu, yeye hajafanya kitu. Halafu ikaja damu.

Hapo kucheka kukaniishia. Tukaenda zahanati. Daktari ni binti tu, sawa na mjukuu wangu. Akamwamkia vizuri, akampima, akasema bawasiri imeanza: ale mboga, ale matunda, anywe maji. Akiendelea na nyama tupu atapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa.

Mzee anaogopa kisu kuliko kaburi. Na mie, niseme ukweli, niliogopa zaidi yake. Tangu niolewe sijawahi kulala kitanda peke yangu, nitaanzia wapi uzee huu?

Siku mbili akala papai kwa kununa. Ya tatu akarudi kwenye nyama. Nikigoma kupika, anatoka kwenda kula mishikaki barabarani.

Ndiyo nikamkumbuka Mama Kalunde, jirani yangu nyumba ya pili. Mnyamwezi wa Tabora. Na mzee wangu Mzaramo.

Wanaojua utani wao wameshaanza kucheka. Kwa msiojua: mtani akikuta kitu chako anabeba, anakutukana juu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu mtaa mzima.

Nikamnong'oneza. Tukapanga kwamba nikigonga mwiko kwenye sufuria mara tatu, chakula tayari.

Mchana nimetenga ugali, nyama na mchicha wa nazi. Nikagonga. Mama Kalunde hodi hakupiga. Akajitupa mkekani, akavuta bakuli la nyama.

"Mzaramo wangu, nyama ya nini na hata kuitoa huwezi? Niachie mie mwenye njia."

Mzee akanitazama. Mie nikatazama dari. Angefanyaje? Akala ugali na mchicha, kila tonge kama anameza kidonge.

Kesho yake vilevile. Mzee akabadilisha saa ya kula, mwiko nao ukabadilisha saa. Siku moja akanunua mishikaki, akakutana na Mama Kalunde uchochoroni, mzee akarudi nyumbani na kijiti.

Siku ya sita mzee katoka chooni asubuhi anatembea kama bwana harusi. Redio hata hakuiwasha.

Baada ya wiki tatu tukarudi zahanati. Binti akasema panapona, kisu hakuna. Nililia kidogo, msimwambie mzee.

Nikajua kazi imeisha. Kumbe mzee alishaugundua mwiko.

Jumapili Mama Kalunde ana wageni kutoka kwao, kapika mbuzi. Mzee kavaa kanzu, kaenda, kawasalimia wageni mmoja mmoja, kisha kajitwika sufuria ya nyama, katoka nayo. Mama Kalunde kacheka mpaka kakaa chini, maana hana pa kushitaki. Wageni wakaifuata sufuria, tukala wote kwetu.

Mzee akachota vipande viwili, akautazama mkeka wote, akaniuliza:

"Matembele yako wapi? Au unataka yule binti anipasue?"

Nikaenda kuchuma, naona aibu nilivyokuwa natabasamu.

Nilichojifunza wakuu: redioni wanahimiza dunia nzima ilime mboga na matunda na iyale, na ni kweli. Ila huku kwetu mboga ipo kila kona. Kinachokosekana ni heshima yake. Ukipika majani watu wanadhani umefulia. Kuhubiri hakusaidii, inabidi ujanja.

Nyie wenye wazee wagumu mmewafanyaje? Semeni hapa tujifunze. Na Wanyamwezi mnaokuja kututukana karibuni sana, ila nyama imeisha.